BAHARI INAPOBADILIKA RANGI
Kwa nini jamii za pwani zifuatilie milipuko ya mwani

Katika toleo hili tunazungumzia jambo linaloonekana dogo mpaka siku linapoingia katika chungu cha mama. Kuna nyakati maji ya pwani hubadilika rangi yakawa mekundu, ya kahawia, ya manjano au ya kijani kizito. Wakati mwingine samaki huonekana wakielea wamekufa. Wakati mwingine hakuna kinachokufa baharini, lakini watu waliokula chaza au kombe huanza kuhisi ganzi midomoni. Hali hiyo ya maji kujaa mimea midogo kupita kiasi huitwa mlipuko wa mwani. Makala hii inaeleza mlipuko huo ni nini, unafuatiliwaje, na kamati ya parokia iliyoko pwani inaweza kufanya nini bila kusubiri mradi mkubwa. Aidha, inawaeleza wafadhili kwa nini kazi hii inahitaji uvumilivu wa miaka kuliko vifaa vya gharama kubwa.

MWANI GANI TUNAOUZUNGUMZIA?

Tukisema mwani, wengi wetu hufikiria ule unaolimwa Paje, Jambiani, Pemba au Bagamoyo, unaofungwa kwenye kamba na kuanikwa juani. Huo ni mwani mkubwa. Mwani tunaouzungumzia hapa ni mdogo mno, hauonekani kwa macho mpaka uwe mwingi sana. Huelea majini na kutumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, kama majani ya muhogo yanavyofanya shambani. Huo ndio msingi wa chakula chote cha bahari. Wanyama wadogo huula, dagaa huwala wanyama hao, jodari humla dagaa, nasi tunamla jodari. Karibu nusu ya kazi yote ya kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua hapa duniani hufanywa na mimea hiyo midogo ya baharini.

Kwa hiyo mwani mdogo si adui. Bahari isiyokuwa nao ni bahari isiyokuwa na samaki. Miongoni mwa maelfu ya aina zinazojulikana, zile zenye uwezo wa kutengeneza sumu ni takribani 200 tu. Tatizo huanza pale aina moja inapopata nafasi ya kuongezeka haraka kuliko inavyoliwa. Seli moja hugawanyika kuwa mbili, mbili huwa nne, nne huwa nane. Kwa aina inayogawanyika mara moja kwa siku, seli moja huweza kufikia zaidi ya 1,000 baada ya siku 10. Ndiyo maana mvuvi huweza kuyaacha maji yakiwa safi Jumatatu, na wiki ya pili akayakuta yamegeuka.

MLIPUKO HUANZAJE?

Mwani huhitaji mwanga, joto, maji yaliyotulia na mbolea. Katika pwani yetu mambo hayo hufuata pepo. Wakati wa kusi upepo ni mkali na huyachanganya maji. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, bahari hutulia na maji ya juu hupata joto. Utafiti uliofanywa katika maji ya Tanzania umeonyesha kwamba aina iitwayo Trichodesmium huongezeka hasa wakati huo wa kaskazi. Huonekana kama unga wa mbao uliomwagwa juu ya maji, ukijipanga kwa mistari mirefu kufuata upepo. Aina yake moja iliitwa erythraeum na mwanasayansi Mjerumani, Christian Ehrenberg, mwaka 1830, kutokana na Bahari ya Shamu alikoiona.

Mbolea nayo huja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya asili. Mikondo ya bahari huweza kuyapandisha juu maji ya kina kirefu yenye rutuba. Wakati wa kaskazi, mkondo unaotoka Somalia kuelekea kusini hukutana na ule unaopanda kutoka Tanzania, mbele ya pwani ya kaskazini ya Kenya. Eneo hilo huwa na rutuba nyingi kuliko sehemu nyingine za pwani yetu. Njia ya pili ni mikono ya binadamu. Maji ya vyoo yanayoingia baharini bila kusafishwa, mbolea inayosombwa kutoka mashambani na udongo unaoletwa na mito baada ya miti kukatwa, vyote huongeza chakula cha mwani.

Ni vizuri kamati zielewe jambo hili, kwani kuna watu hudhani kila mlipuko ni kosa la mtu fulani. Si kweli. Ipo milipuko iliyokuwapo kabla ya miji yetu kujengwa. Lakini ni kweli pia kwamba ghuba iliyofungika na inayopokea maji machafu kila siku hujiweka yenyewe katika hatari.

MADHARA YA AINA TATU

La kwanza ni kuisha kwa hewa majini. Mwani ukifa kwa wingi huoza, na kuoza huko hutumia hewa ya oksijeni ambayo samaki wanaihitaji. Mfano unaojulikana sana ni wa Elands Bay, pwani ya magharibi ya Afrika Kusini. Mwaka 1997 takribani tani 2,000 za kambakoche walitoka majini na kukwama ufukoni baada ya mlipuko kuoza. Hawakuwa wamelishwa sumu. Walikuwa wanakimbia maji yasiyokuwa na hewa, kisha maji yakapwa na kuwaacha nchi kavu.

Hapa Afrika Mashariki, tukio linalokumbukwa ni la mwanzoni mwa mwaka 2002. Samaki wengi walikufa katika maji ya Kiunga, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia, na watafiti waliohusika wakalihusisha tukio hilo na mlipuko wa mwani wenye madhara. Ilikuwa katikati ya kaskazi.

La pili ni sumu katika chakula, na hili ndilo linalotugusa zaidi. Chaza, kombe na kome hula kwa kuchuja maji. Mwani wenye sumu ukiwemo, sumu hujikusanya katika nyama yao, lakini wao wenyewe huweza kubaki wazima. Hawabadiliki rangi wala harufu. Mtu akiwala, huanza kuhisi ganzi kwenye midomo, ulimi na vidole ndani ya dakika chache au saa chache. Sumu ikiwa nyingi misuli ya kupumua hulegea, na mtu huweza kufa.

Mwaka 1987, katika pwani ya Guatemala, watu 187 waliugua baada ya kula samakigamba na supu yao, na 26 kati yao walifariki. Watoto ndio walioumia zaidi. Miongoni mwa watoto wadogo wa chini ya miaka 6 waliougua, nusu walikufa. Mwili wa mtoto ni mdogo, na kiasi kinachomwacha mtu mzima na ganzi tu huweza kumzuia mtoto kupumua.

Nchini Ufilipino mlipuko wa kwanza wa namna hii ulitokea mwaka 1983 katika eneo la Samar na kuua watu 21. Milipuko iliendelea kujirudia, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu zaidi ya 2,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 100 wamefariki. Ufilipino ni nchi ya wavuvi wadogo kama sisi, na tutarejea kwake hapo chini kwa sababu ina la kutufundisha.

La tatu ni madhara kwa mwili na kwa mazao. Kuna viumbe wa jamii ya sayanobakteria wenye nyuzi kama nywele, ambao huota juu ya kamba za mwani unaolimwa. Huufunika mwani usipate mwanga, na baadhi yao huwasha ngozi na macho. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wengi wa wanaokifanya ni akina mama wanaosimama majini kwa saa nyingi. Kwao, muwasho ni suala la afya na pia la kipato.

FUNZO CHUNGU KUTOKA PEMBA

Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu wengine 78 walilazwa hospitalini. Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi Novemba 2021 watu 7 walikuwa wamekwisha kufa huko Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Kemikali hasa inayosababisha sumu ya kasa haijathibitishwa na wanasayansi popote duniani, lakini dhana inayokubalika zaidi ni kwamba hutokana na mwani wenye sumu ambao kasa huula. Kasa huyo huyo huweza kuwa salama mwaka huu na kuwa na sumu mwaka ujao.

Tunataja msiba huu kwa sababu mbili. Kwanza, kupika hakukuwasaidia wale waliokula. Sumu nyingi zitokanazo na mwani haziharibiwi kwa moto, wala kwa ndimu, siki au chumvi. Pili, kasa analindwa kisheria, na jirani akiona nyama yake ikigawanywa mtaani anayo sababu ya kusema hapana kwa ajili ya uhai wa watoto, mbali na ile ya sheria.

KUFUATILIA MAANA YAKE NINI?

Kufuatilia ni kuangalia kitu kile kile, mahali pale pale, kwa njia ile ile, kwa muda mrefu, na kuandika. Kazi hiyo ina ngazi nne, na kila ngazi huona kile ambacho nyingine haiwezi kukiona.

Ngazi ya kwanza ni macho ya watu walioko baharini. Mvuvi huijua rangi ya maji ya kila mwezi. Anajua bahari inapowaka usiku kasia likigusa maji, anajua harufu isiyo ya kawaida, na anaona ndege wa pwani wanapokufa. Taarifa hizi ni za thamani, ila mara nyingi hubaki katika mazungumzo ya kijiweni na kupotea.

Ngazi ya pili ni vipimo rahisi. Hivi ni pamoja na kipimajoto, ndoo, kamba na sahani ya Secchi. Sahani hii ni duara jeupe la upana wa sentimita 30 kwa matumizi ya baharini, lenye uzito chini yake. Huteremshwa kwa kamba yenye alama mpaka lisionekane tena, kisha hupandishwa mpaka lionekane, na wastani wa vina hivyo viwili huandikwa. Wasomaji wa parokiani watapendezwa kujua kwamba aliyeanzisha kipimo hiki alikuwa padre. Padre Angelo Secchi, Mjesuiti na mtaalamu wa nyota wa Roma, alikifanyia majaribio katika Bahari ya Mediterania mwezi Aprili 1865 akiwa ndani ya meli ya Papa. Zaidi ya miaka 150 imepita na kipimo hicho bado hutumika duniani kote, kwa sababu fundi yeyote wa bati huweza kukitengeneza.

Sahani haisemi maji yana sumu. Inasema maji yamepungua uangavu. Baada ya mvua za masika, tope la mto huweza kufanya hivyo hivyo. Ndiyo maana kipimo cha siku moja hakina maana peke yake. Kundi lenye daftari la miaka mitatu ndilo linaloweza kusema, "Mwezi huu kwa kawaida tunaona hadi mita 8, leo tumeona mita 3 tu, na mvua haijanyesha."

Ngazi ya tatu ni hadubini na maabara. Sampuli ya maji huwekwa katika chupa na kutiwa matone ya dawa ya Lugol, ambayo ni mchanganyiko wa iodini, mpaka maji yawe na rangi ya chai isiyokolea. Dawa hiyo huzuia mwani usioze. Chupa huandikwa mahali, tarehe, saa na hali ya maji kama yanajaa au yanakupwa, kisha huhifadhiwa mahali penye baridi na giza. Mtaalamu huzitambua aina na kuzihesabu. Hesabu hii ni muhimu kwa sababu aina nyingine huwa hatari zikiwa chache sana. Katika jimbo la Florida, Marekani, maeneo ya kuvuna chaza hufungwa mara seli za Karenia brevis zinapofika 5,000 kwa lita, kiasi ambacho hakitoshi kubadili rangi ya maji. Kwa maneno mengine, maji huweza kuwa mazuri kwa macho na chaza wake wakawa si salama.

Maabara pia hupima nyama ya samakigamba yenyewe. Kiwango cha kimataifa cha sumu iitwayo saksitoksini ni mikrogramu 800 katika kilo moja ya nyama, nayo haipaswi kuzidi hapo. Hicho ni kiasi kinachokaribia uzito wa punje moja ya sukari katika kilo nzima. Hakuna ulimi wala pua inayoweza kukigundua.

Ngazi ya nne ni setilaiti. Vyombo vilivyoko angani hupima rangi ya bahari, na kutokana na rangi hukadiriwa kiasi cha klorofili, yaani ule ukijani wa mimea. Setilaiti ya Aqua ya Marekani ilirushwa mwaka 2002, Sentinel-3 ya kwanza ya Ulaya mwaka 2016, na PACE ya Marekani mwezi Februari 2024. Picha zake hutolewa bure. Setilaiti huona eneo kubwa kwa mara moja, jambo ambalo ngalawa haliwezi. Lakini mawingu huizuia, tope la karibu na ufuko huichanganya, na haioni sumu. Inaweza kuuambia mji kwamba kuna jambo linakuja kutoka kaskazini. Haiwezi kumwambia mama kama kombe wake wanalika.

KUTOANDIKA SI KUTOTOKEA

Mwaka 2021 kundi la wanasayansi wa nchi nyingi, likiongozwa na Gustaaf Hallegraeff wa Australia, lilichapisha uchambuzi wa matukio 9,503 yaliyoandikwa duniani kati ya mwaka 1985 na 2018. Waliona kwamba, kwa dunia nzima, hakuna ongezeko la jumla lililothibitika. Katika baadhi ya maeneo matukio yaliongezeka, kwingine yalipungua, na sehemu kubwa ya kupanda kwa idadi ilitokana na watu kuanza kuangalia na kuandika zaidi.

Funzo lake kwetu ni kwamba nchi yenye kumbukumbu nyingi si lazima iwe na bahari mbaya kuliko yetu. Huenda ina madaftari mengi kuliko yetu. Mtoto akiugua usiku baada ya kula kome, akatapika na kufa kabla ya kufika zahanati, kifo chake huweza kuandikwa kwa sababu nyingine au kisiandikwe kabisa. Pale ambapo hakuna anayeuliza amekula nini, hakuna tukio.

SUALA GUMU: KUTANGAZA AU KUNYAMAZA?

Hapa ndipo kamati nyingi zitapata mtihani. Tuchukue kwamba maji yamegeuka mekundu asubuhi ya Jumamosi. Majibu ya maabara yatachukua siku kadhaa. Ikitangazwa kwamba bahari ina sumu, hakuna atakayenunua samaki, na akina mama wakaangaji watarudi nyumbani na ndoo zilizojaa. Mlipuko ukija kuonekana kuwa ni Trichodesmium ambao haukumdhuru mtu, tangazo la safari ijayo halitasikilizwa. Kwa upande mwingine, ikinyamazwa na sumu ikawapo, gharama yake ni jeneza la mtoto.

Ufilipino ilijifunza njia ya kati. Idara ya uvuvi ya nchi hiyo hutoa matangazo yanayotaja ghuba kwa majina, na kutenganisha kile kisicholiwa na kile kinacholiwa. Samakigamba wa ghuba iliyotajwa, pamoja na uduvi, hukatazwa. Samaki, ngisi, kamba na kaa huruhusiwa mradi wawe hawajachacha, waoshwe vizuri, na matumbo na matamvua yatolewe kabla ya kupikwa. Ghuba nyingine huendelea na biashara. Matokeo ya vipimo yakiwa mazuri, zuio huondolewa kwa tangazo vile vile.

Kwa mtazamo wetu, hekima iko hapo. Tangazo zuri husema mahali gani, chakula gani, tangu lini, nani amelitoa, na lini litaangaliwa upya. "Bahari ni mbaya" si tangazo. "Chaza, kombe na kome wa upande huu wa mkoko wasiokotwe tangu leo mpaka afisa uvuvi atakapoleta majibu, samaki wa mshipi na wa nyavu waliwe kama kawaida baada ya kutolewa matumbo" ni tangazo linaloweza kufuatwa. Linamgharimu muokotaji siku chache, na linamwacha muuza samaki na biashara yake.

KAMATI YA PAROKIA IFANYE NINI?

Kamati haina mamlaka ya kufunga bahari wala haipaswi kujifanya maabara. Nguvu yake iko katika watu wanaoaminiana na wanaokutana kila wiki. Tunashauri yafuatayo:

1. Kaeni kwanza na viongozi wa wavuvi wa eneo lenu, yaani BMU kwa Kenya na Tanzania Bara, au kamati ya wavuvi na sheha kwa Zanzibar. Bahari haina parokia. Wavuvi wengi wa pwani yetu ni Waislamu, na kikundi cha uangalizi kisichowashirikisha pamoja na imamu wa msikiti wa jirani kitakuwa kipofu wa jicho moja.

2. Chagueni watu wanne au watano: wavuvi wawili, waokotaji wa samakigamba wawili na kijana mmoja anayeandika vizuri. Hakikisheni akina mama wamo, kwani wao ndio wanaoijua miamba na mikoko wakati wa maji kupwa.

3. Wekeni daftari moja na sehemu mbili au tatu za kupimia ambazo hazitabadilika. Pimeni mara moja kila wiki kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati jua liko juu, katika hali ile ile ya maji. Andikeni rangi, uangavu, joto, upepo, mvua na chochote kilichokufa. Siku isiyo na jambo nayo iandikwe.

4. Tafuteni mapema namba ya simu ya afisa uvuvi wa wilaya na ya afisa afya. Kwa ushauri wa kitaalamu zipo taasisi za umma: Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, ambayo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, TAFIRI kwa utafiti wa uvuvi Tanzania, na KMFRI huko Mombasa. Msisubiri siku ya msiba ndipo muulize nani anapokea sampuli.

5. Ongeeni na zahanati. Mganga aongeze swali moja kwa mgonjwa mwenye ganzi midomoni au anayeshindwa kupumua: "Umekula nini cha baharini, kutoka wapi, na nani mwingine amekula?"

Na kila familia ijue hili. Mtu akihisi ganzi midomoni baada ya kula samakigamba au kasa, asiambiwe alale. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya chakula. Sumu ya saksitoksini haina dawa ya kuiondoa, lakini mgonjwa akisaidiwa kupumua kwa saa zile za hatari, kwa kawaida baada ya siku moja mwili wake huanza kupata nafuu. Wote waliokula chungu kile kile waangaliwe, wakianza na watoto.

NENO KWA WAFADHILI

Wafadhili wetu wapendwa, mradi wa namna hii haupigiki picha vizuri. Hakuna jengo la kuzindua wala kisima cha kufungua. Mwaka ukienda vyema, ripoti itasema kwamba vipimo 52 vilichukuliwa na hakuna kilichotokea. Tunawaomba mlione hilo kuwa ni kazi iliyofanyika, kama vile mlinzi aliyekesha usiku ambao mwizi hakuja.

Hali kadhalika, kishawishi kikubwa ni kununua hadubini. Hadubini bila mtu aliyefundishwa kuzitambua aina za mwani huishia kabatini pamoja na jenereta lisilo na mafuta. Fedha hutumika vizuri zaidi zinapolipa mafuta ya mashua kila wiki, chupa za sampuli na dawa ya Lugol, nauli ya kufikisha sampuli maabara, gharama ya kipimo chenyewe, na mafunzo ya siku chache kila mwaka kwa wale wanaoandika. Muda nao ni fedha. Msaada wa mwaka mmoja hutoa daftari lisilolinganishwa na chochote. Wa miaka mitano hutoa kipimo cha kawaida, na bila kujua kawaida hatuwezi kulitambua lisilo la kawaida.

Maji taka nayo yasisahauliwe. Choo kinachojengwa juu ya mkondo unaoingia ghubani leo ni mbolea ya mlipuko wa kesho. Kamati zinazosimamia miradi ya maji na vyoo katika parokia za pwani zikumbuke kwamba kazi hizo mbili ni moja.

Kaskazi ijayo itaanza Desemba. Kamati itakayokutana kabla ya hapo, ikachagua watu wake, ikakata sahani yake na kufungua daftari lake, itakuwa imepata ukurasa wa kwanza kabla bahari haijatulia. Tunawaomba makala hii isomwe katika jumuiya zenu, hasa zile zilizo karibu na maji.